Maji Niliyoyamwaga kwa Ajili ya Bajeti

Jina langu halisi nadhani analikumbuka mke wangu tu, tena akiwa amefurahi. Wengine wote hapa Yombo, kuanzia wazee niliohamia nao mpaka vitoto vilivyozaliwa majuzi visivyojua hata habari yenyewe, wananiita Yapo Tele. "Shikamoo Mzee Yapo Tele!" Marahaba. Naitika, nifanyeje? Jina nilijipa mwenyewe kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, mgeni rasmi na kwaya. Aibu ile mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Sasa kwa kuwa mmenibana niseme, nitasema, ila chekeni mapema mmalize, maana mie nikifika mwisho huwa sicheki.

Ilikuwa zamani zile za Ujamaa. Mie kijana, nimetoka Masasi, nimepata kazi kiwanda cha sabuni kule Chang'ombe, najiona mtu. (Nilikuwaga narudi na vipande vilivyovunjika, nyumba imejaa sabuni kila pembe, kilichokosekana ni maji ya kuogea tu.) Bomba la karibu lilikuwa kule chini ng'ambo ya reli, na wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanaamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kupanga ndoo, wanagombana, wanapatana, wanagombana tena, na siku bomba likiamua kukohoa upepo wanarudi na ndoo tupu na maneno mengi. Mke wangu Somoe alikuwa akienda na mtoto wetu Zuhura mgongoni na debe kichwani. Shingo ikaanza kumuuma, ikawa hawezi kugeuka bila kugeuka mwili mzima. Mganga wa zahanati akamwambia aache kubeba vitu vizito kichwani. Somoe akamshukuru sana, kisha akamuuliza kama ni yeye mganga atakayekuja kubeba.

Basi mwaka ule wakubwa wa mjini wakagundua jambo ambalo sie tulikuwa tunalijua tangu tuhamie, kwamba bajeti yao huwa haifiki. Kila idara ilikuwa ikiomba kila kitu, na mwisho wa mwaka kila mtaa unapata pole. Kwa hiyo wakatengeneza mpango mpya, mzuri kweli, sisemi uongo: safari hii bajeti ianzie kwetu chini. Kila mtaa utaje shida moja, moja tu, siyo moja na nusu, kisha afisa wa mipango aje aione kwa macho yake mwenyewe, na akishaiona ndiyo aiingize katika kazi za mwaka ujao. Shida ambayo macho ya afisa hayakuiona haina fungu. Mwenyekiti wetu wa tawi, Mzee Kibwana, alipelekwa semina kufundishwa mpango huo, akarudi na neno moja jipya, kipaumbele, na akalitumia mpaka likachoka. Alikuwa anaweza kukuuliza, "Mkeo amekupikia nini leo? Kipaumbele ni ugali au wali?"

Mkutano wa kuchagua shida ulikuwa moto. Mzee Kibwana alitaka ofisi ya tawi, yenye baraza (ya kukalia nani, msiniulize). Vijana walitaka barabara. Somoe akasimama na Zuhura mgongoni, akamgeukia mwenyekiti mwili mzima kwa sababu ya ile shingo, akasema, "Mwenyekiti, shikamoo. Hiyo ofisi mkishaijenga mtaipiga deki kwa mate?"

Watu wakaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele, na bomba likapita. Mzee Kibwana akameza mate, akatangaza kwamba kipaumbele cha mtaa ni bomba, tena akasema kama vile wazo lilikuwa lake. Halafu wakamtafuta mtu wa kusimamia mapokezi ya huyo afisa, Bwana Mipango tulivyokuwa tunamwita, na wakanichagua mie, kwa sababu moja tu ya maana: nguo zangu zilikuwa zinang'aa. Usiku ule Somoe aliniambia, "Baba Zuhura, mwaka huu sitaki kanga ya Idi. Niletee hilo bomba, basi." Nikamwambia ahesabu kwamba limeshafika.

Sasa jamani, kazi ya mapokezi mnaijua. Kwetu mgeni hapokewi na uwanja mtupu. Tukakata migomba, tukaichomeka huku na huku kandokando ya njia kuanzia njia panda mpaka uwanja wa tawi, tukasuka makuti tukafanya tao, tukaazima viti kwa kila mwenye kiti, tukatandika mashuka meupe juu ya meza. Zulia la msikitini tu ndilo tulilokosa kuazima, na si kwamba hatukuomba. Katika watu wote wale, wenye akili zao na umri wao, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu anayekuja kutazama shida huenda ikafaa aonyeshwe shida. Sie tulikuwa tunashindana kuificha. Mie ndiye nilikuwa nahodha.

Asubuhi ya siku yenyewe nikatazama uwanja nikaridhika, mpaka ulipovuma upepo. Mnalijua vumbi la Yombo wakati wa kiangazi. Liliinuka lote, likatua lote, juu ya mashuka meupe. Nikapata wazo. Wazo dogo tu, la kistaarabu, ambalo hata nyie mngelipata, msijifanye.

"Tunyunyize maji kidogo njiani," nikasema. "Tulaze vumbi."

Somoe alikuwa anafuta viti. Akanitazama. "Maji gani?"

"Yale ya kwenye pipa."

"Baba Zuhura, yale tumeyachota wiki nzima. Na hao watu wanakuja kuona kwamba hatuna maji, wewe unawamwagia maji?"

"Kidogo tu, mama. Mgeni avute vumbi? Watasema watu wa Yombo hawana adabu."

Hapo nilimpata. Somoe ni mtu wa Kilwa, na mtu wa Kilwa ukimwambia mgeni atasema hana adabu anaweza akatandika nguo yake ya harusi njiani. Akaenda kuchota kata mbili tatu, akanyunyiza mbele ya meza. Harufu ile ya udongo uliolowa ikapanda, ikatupa raha. Mama Tumaini, jirani yetu mmoja wa kutoka Moshi, akatoka nyumbani kwake amekunja uso.

"Mnachukua maji ya kwa Somoe peke yake? Ya kwangu yana kasoro gani?"

Hayakuwa na kasoro, akaleta ndoo nzima. Alipoleta ndoo, jirani wa pili naye hakutaka isemwe kwamba nyumba yake haikutoa kitu kwa mgeni, akaleta ndoo, akaongeza na beseni. Mwingine akaona migomba imeanza kunyauka, akaimwagilia (migomba iliyokatwa, haina hata mizizi, tunaimwagilia!). Mie natembea katikati na filimbi shingoni, naonyesha kwa kidole, hapa bado pakavu, na hapa, ongeza hapa. Sijawahi kutiiwa vile tena maishani mwangu.

Kama mgeni angefika saa aliyosema, tungeishia hapo, na mie leo ningekuwa naitwa kwa jina langu. Lakini mgeni rasmi afike saa aliyosema, si angekuwa mgeni wa kawaida? Njia panda tulikuwa tumemweka Chande, fundi baiskeli, na filimbi nyingine, akiona gari apige. Akaona gari akapiga. Wanakuja! Kwaya ikajipanga, vumbi likawa limeshaanza kukauka, nikaamrisha tunyunyize upya, tukanyunyiza. Lilikuwa lori la mkaa. Jua likapanda, udongo ukakauka, Chande akapiga tena. Wanakuja! Tukanyunyiza. Lilikuwa gari la mikate. Mara ya tatu alipiga kwa sababu aliona pikipiki, tukamwuliza Chande vipi, afisa mzima atakuja na pikipiki, akasema siku hizi viongozi wanabana matumizi. Kila filimbi tulinyunyiza, na kila tulichonyunyiza kiliteremka polepole mpaka kwenye kibonde kilichopo kabla ya uwanja, pale penye ule udongo mweusi unaonata, kikatulia huko kikimsubiri mgeni.

Mpaka adhuhuri hakuna nyumba iliyokuwa na maji. Mapipa yote yako chali. Nikawaona wanawake wanachungulia ndani ya mapipa yao, wananitazama, nami nawapungia mkono. Nilidhani wananipongeza.

Bwana Mipango alifika watu wameshaanza kusinzia. Gari lake lilikuwa Pijo jeupe, safi. Likapita chini ya tao la makuti, likapita kati ya migomba iliyokuwa inadondosha matone, kwaya imepasuka kwa wimbo, mie nimesimama wima mbele, na lilipofika kibondeni likaserereka kidogo, likafikiri, likazama. Dereva akakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka mahali pamoja, na tope lile jeusi likaruka juu likatua sawasawa kwenye kwaya, safu ya mbele ya sauti ya kwanza. Sifa zao wale kina mama, hawakukatisha wimbo. Wanaume tukakimbilia kusukuma, tukachafuka mpaka kope, gari halitikisiki. Mwishowe Bwana Mipango akafungua mlango, akashusha mguu taratibu, ukaingia mpaka nusu ya muundi. Akauvuta. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki.

Hapo ndipo kwaya ilipokatisha wimbo. Mtu mzima, amevaa suti ya kijivu, mguu mmoja una soksi ya tope, na mtaa mzima unamtazama.

"Samahani," akasema, kwa upole kabisa, "naweza kupata maji ya kunawa miguu?"

Ndugu zangu, hapa ndipo huwa naomba mnipe nafasi nipumue. Maana pale palikuwa ndipo. Mungu mwenyewe alikuwa ameamua kutusaidia, pamoja na upumbavu wetu wote. Afisa wa bajeti yuko mbele yetu, amechafuka, anaomba maji katika mtaa usio na maji, na kweli hatuna, hatuna kabisa, tone hamna! Ilikuwa ni kujibu tu neno moja, na ile shida waliyokuja kuiona angeiona kwa macho na kwa miguu yake mwenyewe. Angerudi mjini na tope lake lote, bomba tungelipata kesho yake.

Nikamsikia Somoe nyuma ya sikio langu, ananong'ona. "Mwambie hakuna. Baba Zuhura, sema kweli tu. Sema hakuna."

Nikafungua mdomo. Nilikusudia kusema. Lakini nimekuzwa Masasi na bibi yangu, na tangu nazaliwa sijawahi kumsikia mtu mzima akimwambia mgeni hakuna. Mgeni akiomba kitu usichokuwa nacho unamwambia karibu ukae kwanza, kisha unatokea mlango wa nyuma unakwenda kukitafuta. Hakuna ni neno la kumfukuza mtu. Mtaa mzima ulikuwa unanitazama, mgeni ananitazama, na ulimi wangu ukafanya ulivyofundishwa.

"Maji?" nikasema, kwa sauti ya juu ili wasikie hata wa nyuma. "Usiwe na wasiwasi, ndugu yetu! Maji hapa yapo tele!"

Nikakimbia nyumbani. Nilikuwa najua lipo kopo moja kubwa Somoe amelificha uvunguni, maji ya kumwogeshea Zuhura. Nikalitoa. Nikarudi nalo mbio, nikapiga magoti, nikamnawisha mgeni miguu yote miwili, hata ule ambao haukuwa na tope, nikamwagia kwa mkono wa ukarimu mpaka tone la mwisho. Akasema ahsante sana, maji ya baridi mazuri. Sikuthubutu kumtazama Somoe. Nilimsikia tu akivuta pumzi.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Mzee Kibwana kusoma risala. Na Mzee Kibwana aliisoma kama ilivyoandikwa, maana hakuwa mtu wa kubadilisha kitu kwa sababu ya mambo yaliyotokea. "Ndugu mgeni rasmi," akaanza, viatu vyake vimejaa tope, migomba nyuma yake inatiririka, "sisi wakazi wa hapa tunaishi katika ukame wa kutisha. Maji kwetu ni hadithi. Kipaumbele chetu..."

Bwana Mipango akatazama miguu yake iliyotakata. Akatazama migomba. Akatazama Pijo lake, limekaa kibondeni. Kisha akanitazama mie na akaanza kucheka, naye hakuwa mtu mbaya, alicheka kama anavyocheka mtu aliyedanganywa na watoto.

"Mwenyekiti," akasema aliposimama kujibu, "nimeisikia risala. Lakini sie safari hii tumeagizwa tusisikilize risala, tutazame kwa macho. Sasa huyu ndugu yangu hapa ameniambia kwa kinywa chake maji yapo tele. Na mie nimeyaona! Kiangazi hiki, mtaa mzima umelowa. Nimeyaona mpaka yamenivua kiatu. Ndugu wananchi, msione haya kuitaja shida yenu ilivyo. Shida yenu si kukosa maji, shida yenu ni kwamba maji yamewazidi na hayana pa kwenda. Nitawapa mtaro."

Na watu wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi! Kwetu mgeni rasmi akitua sentensi unapiga makofi kwanza, maana yake unaitafuta baadaye. Kina mama walishapiga vigelegele ndipo nikaona nyuso zinabadilika moja moja, kutoka safu ya mbele kwenda nyuma. Nikataka kusema kitu, nikainua mkono. Mzee Kibwana akadhani naomba kutoa shukrani, akanipa nafasi. Nikasimama mbele ya watu wote, tope limeanza kunikaukia usoni, nikatafuta maneno ya kumkatalia mgeni zawadi yake. Hayakuwepo. Nikasema, "Tunashukuru sana kwa mtaro."

Jioni hakuna nyumba iliyopika. Wanawake hawakunitukana, afadhali wangenitukana. Walikuja mmoja mmoja kimya, kila mmoja akaiweka ndoo yake tupu mbele ya mlango wangu, akaondoka. Mama Tumaini alileta na beseni. Zuhura alikuwa analia kwa joto, na Somoe alikuwa anamfuta kwa kanga kavu. Nilimwambia, "Somoe, nimekosa." Akageuka, mwili mzima, na ile shingo yake, akasema, "Ungesema hakuna tu, Baba Zuhura. Neno moja." Basi. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia, na mpaka leo akishika shingo yake kunapokuwa na baridi huwa natoka nje.

Alfajiri yake nilikuwa kwenye foleni ng'ambo ya reli, mwanamume peke yangu katikati ya wanawake, na ndoo za mtaa mzima kwenye mkokoteni wa kuazima. Walinipa nafasi ya mwisho. Na niliendelea kwenda, si siku hiyo tu. Somoe hakubeba debe tena. Kazini wakawa wananicheka nanukia sabuni na jasho kwa pamoja.

Mtaro ukaja. Katika historia yote ya miradi hakuna uliokuja kwa wakati kama ule. Mwaka mpya wa bajeti haujakaa sawa, lori la saruji hili hapa. (Mchanga walileta, kokoto walileta, na maji ya kukorogea saruji walikuja nayo kwenye gari kutoka mjini, maana mafundi walitafuta maji mtaani wakakosa, na hakuna aliyejiuliza.) Ukajengwa mtaro wa kutukuka, mpana, ulionyooka, umepigwa niru nyeupe ukang'aa. Ukakaa pale mkavu. Kuku wakataga humo.

Siku ya kuufungua, Bwana Mipango akaja mwenyewe na Pijo lake. Safari hii hatukunyunyiza kitu. Hakukuwa na mgomba hata mmoja, mashuka tuliyaacha vitandani. Vumbi lilimpokea tangu njia panda, likamfunika gari na suti, akashuka anakohoa, macho mekundu, akakata utepe, akasimama kando ya mtaro akishindwa kuanza hotuba kwa kikohozi.

"Samahani," akasema, "naweza kupata maji ya kunywa?"

Watu wote wakanigeukia. Mzee Kibwana akanigeukia, kwaya ikanigeukia. Somoe akanigeukia. Nikapiga hatua mbele. Bibi yangu ananitazama kutoka kaburini, lakini nikakaza. Nikasema kwa sauti, wakasikia hata wa nyuma.

"Hakuna, ndugu mgeni. Hapa hakuna maji. Hata tone."

Bwana Mipango akanitazama. Akautazama mtaro, mweupe, mkavu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha uso wake ukachanua kwa furaha ya kweli, akanikumbatia mabega, akawageukia wananchi.

"Mnaona?" akasema. "Mtaro umefanya kazi!"

Na watu, jamani, wakapiga makofi.

Bomba tulikuja kulipata baadaye sana, Zuhura ameshaolewa. Lakini tangu siku ile niliapa, na kiapo changu nakishika. Mtu akija kwangu akaomba maji, hata mapipa yawe yanafurika, mie namjibu kwanza hakuna. Somoe ndiye anayeinuka kwenda kumletea.